Malewa ya chini ya mwembe, na mgeni niliyepewa kumlea

Hii malewa, yaani mahali pa kula pa barabarani, haina jina. Haina kibao, haina menyu, na upande wa barabara haina hata ukuta. Kutoka Posta, hapa Lubumbashi mjini, ni mwendo wa dakika saba kwa miguu, na zaidi kidogo kama umevaa viatu vya Jumatatu. Utaona mwembe mkubwa, turubai la buluu limefungwa kwenye tawi lake, mbabula tatu, majiko ya makaa, zinafuka moshi, na foleni ya watu waliovaa vizuri kuliko mahali penyewe. Sisi wa biro (ofisi) za jirani tunasema "ku mwembe", basi. Nimekula pale miaka sita bila kufikiria kuandika neno juu yake. Nani anaandika juu ya jiko la kwao?

Ila mwaka huu nilipewa mtu.

Sefu, mkubwa wa biro yetu, aliingia Jumatatu asubuhi na kijana aliyevaa koti lililomzidi mabegani. Akasema mbele ya wote kwamba huyu ni mwenzetu mpya wa dosie, yaani mafaili ya mizigo, ametoka Bukavu juzi, na kwamba mimi nitakuwa marraine wake kwa wiki sita. Ni neno la Kifaransa la mama wa ubatizo, lile lile la harusi. Biro nzima ilicheka, mmoja akauliza keki iko wapi. Mimi nilitaka kuuliza kazi yangu mwenyewe itafanywa na nani katika hizo wiki sita, lakini sefu alikuwa amekwisha kuondoka. Nilipewa yule kijana kama unavyopewa ufunguo wa choo cha biro: shika, usipoteze.

Biro yetu inashughulika na forodha. Lori likija mpakani Kasumbalesa, kama kilometa 90 kutoka mjini, lazima pawe na mtu aliyeandaa karatasi zake, akaziingiza kwenye mfumo, akahakikisha kinacholipwa kimelipwa, na akajibu simu za mwenye mali anayeuliza kila nusu saa gari lake limefika wapi. Mtu huyo ni sisi. Si kazi ngumu, ila ina majina mengi, na mgeni anazama kwenye majina kabla ya kuiona kazi yenyewe. DGDA ni forodha, na wazee wetu bado wanaiita OFIDA. OCC ndiyo inayopima mali. Kuna T1, karatasi ya mali inayopita tu, kuna Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha, kuna dosie iliyofungwa na dosie "inayoumwa", ambayo ni ile iliyokwama mahali na hakuna anayetaka kuigusa.

Asubuhi ile nilimwonyesha kijana vyote. Kiti, droo, mashine, rafu. Nikamwonyesha grupu (jenereta) inapowashwa SNEL, kampuni ya umeme, ikikata umeme, na mlinzi ambaye lazima umsalimie kabla hujamwomba kitu. Kila nilichosema alijibu, "Ndiyo, madame." Saa tano na nusu nilimwambia kwa makusudi kwamba rafu ya kushoto ndiyo ya kulia.

"Ndiyo, madame."

Nikafunga kompyuta. Nikamwambia twende tukale.

Sasa nije kwenye chakula, maana ndicho mnachotaka kujua.

Ukifika ku mwembe hukai kwanza. Unakwenda kwa mama mwenyewe, aliyekaa kwenye kiti kifupi nyuma ya masufuria, unamsalimia, unachungulia kilichopo, unasema unachotaka. Ndipo unatafuta benchi. Wageni wengi wanakaa na kungoja mtu aje kuwauliza, na wanaweza kungoja hivyo mpaka mvua ya Novemba. Kijana wangu alikuwa tayari amekaa, mikono juu ya magoti. Nikamwita.

Mama alimtazama kuanzia viatu. "Yambo papa. Uko wa wapi?"

"Jambo mama. Bukavu."

"Aa. Basi leo utajua bukari."

Akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake.

Bukari, yaani ugali, ya mama huyu ni ya mahindi meupe matupu. Imeiva kweli, haina madonge ya unga ndani, na juu inang'aa kidogo kwa sababu analowesha mwiko kabla ya kuipakua. Inakuja imefunikwa na sahani nyingine. Ukifunua, mvuke unapanda na kuziba miwani yangu kabisa, ndiyo maana pale naitwa Mama Miwani na si vinginevyo. Kijana aliniambia kwao nyumbani wanachanganya na unga wa muhogo, ukivuta tonge linavutika. Hii ya kwetu inakatika. Alikata tonge la kwanza kubwa mno, akaungua vidole, akajifanya hajaungua. Binti anayesaidia pale, ambaye hazidi miaka kumi na sita na haoni haya, alimletea maji ya baridi kwenye kikombe bila kusema neno, akayaweka pembeni ya sahani yake.

Kuhusu kunawa: kuna bilika, kuna beseni, kuna sabuni ya maji kwenye chupa iliyotobolewa kizibo. Binti anakumiminia. Taulo hakuna, unapunga mikono hewani kama kila mtu.

Mboga ni lengalenga (mchicha) kila siku, sombe (majani ya muhogo) Jumanne na Ijumaa. Sombe yake imetwangwa, haijasagwa kwa mashine, na mafuta ya ngazi, mawese, anayatia mwishoni, si mwanzoni, kwa hiyo harufu inabaki. Kuna kapenta, samaki wadogo wakavu, kuna maharage, siku nyingine kuku. Mvua zikianza kunakuwa na uyoga, na siku hiyo usimwambie mtu.

Lakini watu wanakwenda pale kwa ajili ya thomson.

Kwa wasioijua: ni samaki wa bahari, wa barafu, rangi ya fedha, mwenye mstari wa magamba magumu ubavuni. Mama anamkata vipande vitatu. Anakaanga mpaka ngozi inapasuka, halafu kipande kinalala kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu kwa muda mfupi tu, hivi kwamba chini kimelainika na juu bado kinalia ukikigusa na kidole. Pilipili iko kando kwenye kopo, ya kijani, imepondwa na chumvi. Vipande vyote bei moja, na hapo ndipo ugomvi. Madereva wanapenda kichwa. Watu wa benki wanataka katikati, wasipate miiba ya kuwaaibisha. Mimi nachukua mkia. Mkia unakaangika mpaka mapezi yanatafunika kama karanga.

Kijana alikuwa anauliza maswali kwa macho tu, basi nikamsaidia. Nilinyanyua kipande changu nikamwambia, "Unaona huyu? Amepita kwenye meza yako."

Akadhani namtania.

Nikamweleza. Huyu amevuliwa Namibia. Amegandishwa, ametiwa kwenye makatoni, amepakiwa Walvis Bay kwenye lori la baridi. Amevuka Zambia nzima. Lori limefika Kasumbalesa na mashine ya baridi inanguruma, inakunywa mazutu (dizeli) usiku na mchana, kwa hiyo kila saa ya kusubiri karatasi ni pesa ya mwenye mali inayokwenda moshi. OCC wanataka kumwona samaki. Forodha wanataka kujua ni makatoni mangapi, kilo ngapi, bei gani. Juu ya yote kuna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza nchini Januari 2012 na bado kuna wafanyabiashara wanaoilalamikia kana kwamba imeanza jana. Ukikosea kilo, samaki huyu analala mpakani.

Aliacha kutafuna. "Kumbe dosie ya asubuhi, ile ya makatoni..."

"Ndiyo hii."

Akaitazama sahani. Halafu, Mungu ni mwema, akauliza swali. Akauliza kwa nini kwenye karatasi ile kulikuwa na uzito wa aina mbili. Nikamjibu kwa kutumia kipande chenyewe na kijaluba cha chumvi: samaki peke yake ni uzito halisi, samaki pamoja na katoni yake ni uzito wa jumla. Asubuhi nilikuwa nimemweleza jambo hilo hilo kwa maneno ya kitaalamu na lilikuwa limempita kama upepo wa Julai.

Tangu siku hiyo tulikwenda ku mwembe kila mchana. Sikuwa nimepanga iwe hivyo. Ila biro yetu ni chumba kimoja, meza saba, na swali la mgeni likiulizwa mle ndani linasikika na watu sita ambao wana maoni. Chini ya mwembe alikuwa anauliza. Kwa nini mshahara wangu umekatwa? Ni CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, nikamwambia, asilimia 5 ni yako na tajiri anaongeza 13 zake, uliza namba yako ya usajili uiandike mahali. Sefu akisema "nakuja" anamaanisha nini? Anamaanisha amekwenda nyumbani. Muda wa majaribio ni miezi mingapi? Sheria ya kazi ya 2002 inaruhusu hadi sita kwa mtu kama yeye, mkataba wake ulisema mitatu, kwa hiyo alale. Maswali haya alikuwa ameyabeba wiki nzima kama mtu aliyebana kikohozi kanisani.

Jumatano moja palitokea ugomvi wa kapenta, na lazima niusimulie. Mama alikuwa ameipika na nyanya, kavu. Kijana akaonja akasema kwa sauti, "Lakini hii ni sambaza!" Ilikuwa kama ametukana bendera. Dereva mmoja akasema hapana, hii ni kapenta, inatoka Zambia, kwenye bwawa la Kariba. Kijana akashikilia: sambaza, ya ziwa Kivu, ameila tangu anaota meno, isipokuwa hii imekaushwa vibaya. Mwisho wa benchi alikuwepo mzee mmoja wa Kalemie, mtu wa reli zamani, ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "ongeza pilipili". Akaweka tonge chini. Akasema samaki huyo ni wa Tanganyika. Walimtoa kwao wakamtia Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakamtia Kariba miaka ya 1960, na kote huko amezaa vizuri na kupewa jina jipya. "Munagombania mutoto wetu," akasema, akarudi kwenye bukari yake.

Baadaye nilitafuta. Mzee alisema kweli. Kijana alikaa kimya mchana mzima, halafu saa tisa, katikati ya dosie ya saruji, akasema, "Lakini ya kwetu ni tamu zaidi." Nikamwachia.

Mama mwenyewe ndiye sehemu ya huduma ambayo huwezi kuilipia. Anakumbuka nani anakula nini, nani ana sukari asipewe soda, nani amefiwa. Na anakagua sahani zinaporudi. Wiki ya tatu alinishika mkono nilipokuwa naondoka. "Mama Miwani, mutoto wako hakumaliza bukari. Jana pia." Mimi sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa naongea na simu siku mbili hizo, kazi ilikuwa imenizidi, na kama nilivyosema, hakuna aliyenipunguzia.

Nilimfuata kijana kwenye ngazi. Nikamuuliza ana nini, akasema hana kitu. Nikamwambia mama wa bukari ndiye aliyesema. Hapo ikamtoka: siku mbili zilizopita aliingiza dosie ya samaki, na pale pa uzito halisi ameandika uzito wa jumla. Ameligundua kosa usiku, kitandani. Ameogopa kusema kwa sababu ya majaribio. Dosie ilikuwa imehifadhiwa kwenye mfumo, haijasajiliwa, kwa sababu tulikuwa bado tunangoja karatasi moja ya mteja. Kwa hiyo ilikuwa bado mikononi mwetu. Ingekuwa imesajiliwa, tungekuwa tunaandika barua kwa forodha kuomba marekebisho na kujieleza, na labda kulipa faini.

Tulirudi juu, nikavuta kiti changu kwenye meza yake, tukasahihisha. Dakika nne. Alikuwa amekosa usingizi usiku mbili kwa jambo la dakika nne. Sikumgombeza, ila nilimwambia kosa la kwangu la mwaka wangu wa kwanza, ambalo halikuisha kwa dakika nne, na ambalo sitaliandika hapa kwa sababu baadhi yenu mnanijua.

Kosa lingine lilikuwa langu kabisa. Mwisho wa mwezi alipokea mshahara kwa mara ya kwanza, dola, kwenye dirisha la kasha la biro. Akanialika: leo mimi ndiye nalipa. Tukala vizuri, kuku, soda mbili, tukaagiza na vitumbula vya kubeba. Akatoa noti ya dola 20. Mama aliichukua kwa vidole viwili, akainua kuelekea jua linalopita kwenye majani, akaipindua. Ukingoni, juu ya kichwa cha rais wao, palikuwa na mpasuko mdogo kama jino la panya. Akairudisha. Hakusema neno, alitikisa kichwa tu.

Kila mtu Kongo anajua: faranga inaweza kuwa imeoza, imeunganishwa kwa gundi, ikanuka samaki, na itapokelewa, dola ikiwa na mkwaruzo ni karatasi. Kijana naye anajua, Bukavu ni hivyo hivyo. Lakini alikuwa ameipokea kazini, mkononi mwa mtu wa kazini, akaona aibu kuikagua mbele yake. Nilikuwa nimemfundisha vifupisho vyote vya forodha, nikasahau kumwambia kwamba pale dirishani unasimama, unainua kila noti kwenye taa, na hutoki mpaka umeridhika, na mtunza kasha hachukii, kwa sababu yeye mwenyewe anafanya hivyo hivyo kwa wateja. Nililipa mimi siku ile. Noti ilibadilishwa baada ya siku tatu na maneno mengi.

Kwa haki, tulijaribu mahali pengine pia. Siku moja mvua ilikuwa kali nikampeleka kwenye mgahawa wenye mlango wa kioo, sitautaja. Menyu ilikuwa ya ngozi, ya Kifaransa. Kuku na viazi dola 15. Kijana aliisoma menyu kama mkataba, akaagiza chai. Kuku wangu alichukua saa nzima na alikuwa amekauka. Hatukurudi.

Sasa ubaya wa ku mwembe, maana nao upo.

Mafuta. Jumatatu ni masafi, Alhamisi yamekuwa kahawia, Ijumaa ukila thomson utaikumbuka Jumamosi. Nimemwambia mama mara mbili. Anasema bei ya mafuta siyo yake.

Nafasi. Mabenchi ni manne, na moja lina mguu mfupi uliowekewa tofali. Ukikaa mwisho wa benchi hilo na mwenzako mnene akasimama ghafla, unamwaga. Mimi ninakaa hapo kwa sababu kuna kivuli mpaka saa nane, lakini nimejifunza kushika sahani.

Mvua. Turubai limetoboka pale tawi linaposugua. Kila mtu wa zamani anajua matundu yako wapi na anawaachia wageni viti hivyo. Nakiri kwamba siku ya kwanza ya mvua sikumwambia kijana. Kuna mambo mtu anajifunza kwa shingo.

Choo hakuna. Rudi biro.

Ukubwa wa bukari haubaki ule ule. Zambia ikizuia mahindi yake kutoka, gunia la unga la kilo 25 linapanda mjini kote, na mama hapandishi bei ya sahani, anapunguza bonge. Wengine wanalalamika. Mimi naona ni afadhali kuliko ujanja wa kuongeza maji.

Na risiti. Hakuna risiti, hakuna fakture, hakuna muhuri. Wiki ya kwanza nilimlipia kijana kila mchana, kwa sababu alikuwa bado hajalipwa, nikapeleka hesabu kwa wakubwa wetu: si ninyi mlionipa mtu? Wakaniuliza karatasi iko wapi. Nikawaambia ya mwembe? Faranga 30,000 zile zimekwenda. Sitasema kampuni ni ipi, ila ni ile inayonidai mimi risiti ya faranga 500 za fotokopi.

Bei, kwa sasa: bukari na thomson na mboga faranga 6,000. Bukari, kapenta na lengalenga 4,500. Kuku 12,000, na mwambie mapema asubuhi. Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, kikombe 1,000, wa baridi kama SNEL imependa. Fika kabla ya saa sita na nusu. Saa saba mikia imekwisha, saa saba na nusu hata vichwa. Jumapili hakuna. Jumamosi yupo mpaka saa nane, na ndiyo siku nzuri ya kwenda na watoto, madereva ni wachache.

Ukiniomba alama, nampa mama nane juu ya kumi. Moja nimeondoa kwa mafuta ya Ijumaa, nyingine kwa turubai. Kazi ya marraine naipa nne, na nne hizo ni za kijana.

Bado sijasema juu ya daftari. Mama ana daftari la shule, jalada lake lina picha ya pundamilia, na humo anaandika madeni ya watu wa biro. Kila mtu ana ukurasa. Wangu umeandikwa "Miwani", na kwa wiki sita, chini ya kila sahani yangu, palikuwa na mstari mwingine: "na mutoto". Miwani thomson, na mutoto thomson. Miwani sombe, na mutoto kapenta. Mwisho wa wiki nalipa yote, yeye ananirudishia ya kwake akipata. Mara mbili mama alikosea kujumlisha, mara zote mbili kwa faida yake, na mara zote mbili kijana ndiye aliyeona kabla yangu. Alikuwa anaisoma hesabu ile akiwa amesimama upande wa pili wa meza, maandishi kwake yako kichwa chini miguu juu.

Wiki sita zilikwisha bila sherehe. Sefu hakuuliza kitu. Kijana aliacha kuniita madame siku ya samaki, akaniita dada kwa muda, kama wanavyosema kwao. Siku hizi ananiita yaya, yaani dada mkubwa, kama mdogo yeyote wa Lubumbashi. Mchana mwingine anakwenda kula kabla yangu, na madereva, ambao sasa wanamwita Bukavu, wanagombana naye juu ya ziwa gani lina kina zaidi.

Juzi nilikwenda kulipa. Mama akafungua ukurasa wangu, nikaona mistari yangu peke yake. Nikamuuliza mutoto yuko wapi. Akalamba kidole, akapindua karatasi mbili mbele, akanionyesha: "BUKAVU", herufi kubwa, amepiga mstari chini kwa rula. Anadaiwa faranga 17,500.

Nimelipa zangu tu.